Afungue Mwenyewe Tu

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi wa mabenchi ya nyuma sogeeni huku mbele, nafasi ipo na mimi siumi.

Najua mmezoea. Mchungaji akisema anatoa mfano, mnajua anakuja mkulima. Mkulima na mbegu zake, mkulima na jembe lake, mkulima na ng'ombe wa jirani. Huyo mkulima nimemchosha, leo tumpe likizo. Leo kulikuwa na karani.

Kulikuwa na karani mmoja wa masjala, huko milimani Upare. Masjala, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ni kile chumba cha ofisi ya serikali kinachotunza mafaili. Kinanuka vumbi na gundi, na kina kidirisha cha kupokelea. Karani wetu alikaa nyuma ya kidirisha hicho miaka thelathini na minne. Na msimdharau! Bosi ana kiti kikubwa, lakini faili analo karani. Yeye ndiye aliyejua faili hili nani analisoma, nani anaruhusiwa kuandika dokezo ndani yake, na nani kazi yake ni kulibeba tu kutoka meza hii mpaka meza ile bila kulifunua. Wakubwa walimjia na vitambi vyao wakaambiwa, "Samahani mzee, hili si lako." Wakarudi walikotoka.

Barua za siri ndizo zilizokuwa fahari yake. Akishaibandika bahasha, alichukua kalamu ya wino mwekundu akaandika juu yake kwa herufi kubwa: AFUNGUE MWENYEWE TU. Maana yake mnaijua. Barua hii ni ya yule ambaye jina lake liko juu ya bahasha. Si ya katibu wake, si ya mkewe, si ya tarishi. Ni ya mwenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo, mtu wa ratiba na mihuri, akafiwa na mke.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mwalimu, kapangiwa kazi Tunduru. Tumwite Nakundwa. Kwa Kipare jina hilo ni kama kusema "nimependwa", na aliyempa ni baba yake. Nakundwa alikuwa ameomba uhamisho miezi minane nyuma ili aje kumuuguza mama, na barua yake ikawa inazunguka kwenye meza za watu. Mama hakuisubiri. Binti akapata habari, akapanda basi siku hiyo hiyo. Safari ya Tunduru si mchezo, ninyi mliowahi kwenda mnajua. Basi likaharibika njiani, wakangoja fundi, wakangoja kipuri. Siku ya mazishi, asubuhi ikiwa imeshakwenda, akapiga simu: "Baba, ndiyo tumefika Mombo. Nisubirini. Nataka nimwone mama uso wake, mara moja tu."

Mazishi yalipangwa saa saba. Mwinjilisti akamwinamia karani akamwuliza polepole, "Mzee, tumsubiri binti?" Watu walikuwa wamejaa uani, wengine wametoka mbali, na mawingu yalianza kujikusanya upande wa pili wa mlima. Karani akatazama saa yake ya mkononi. Akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia, "Ratiba imeshasomwa."

Basi, wakazika. Nakundwa alifika saa kumi na nusu, viatu mkononi, akakuta watu wanakunja maturubai. Alipita katikati yao bila kumsalimia mtu, akaenda kaburini akasimama. Baba yake akamfuata nyuma. Hapo ndipo angeweza kusema neno. Mnajua alisema nini? Alisema, "Ungetoka mapema." Ee Mungu wangu! Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Binti akageuka akaondoka kaburini. Alilala kwa mama yake mdogo, asubuhi akaondoka.

Uhamisho ukatoka wiki tatu baadaye, wakati aliyeombewa hayupo tena. Akaletwa sekondari ya mji ule ule. Akapanga chumba upande wa juu wa soko, na baba yake anakaa upande wa chini. Mji wenyewe ni ule wa kwamba ukipiga chafya huku, unaambiwa "afya" kule. Na watu hawa wawili wakaishi humo miezi na miezi bila kuzungumza. Wakikutana njiani: shikamoo, marahaba, kila mtu na njia yake. Hayo nayo mazungumzo? Hata maadui husalimiana.

Ngoja niwaambie upweke wa mwanamume aliyepikiwa miaka arobaini unavyokuwa. Unaanzia kwenye sufuria. Hajui kusonga ugali wa mtu mmoja. Kila siku unabaki, asubuhi anakula kiporo, mchana anasonga mwingine, nao unabaki. Usiku analala upande wake ule ule wa ukutani, amejibana, na kitanda chote kitupu. Redio anaiacha inasema kutwa nzima, na mtangazaji akisema "habari za jioni, msikilizaji," yeye kule jikoni anajibu, "Nzuri." Msicheke. Wapo humu ndani wanaojibu redio.

Aliumia, wapendwa. Na wala hakuwa mjinga wa moyo wake. Alijua kabisa kinachomuuma. Kila akifumba macho alijiona anaitazama ile saa. Kungoja saa tatu na nusu kungemgharimu nini? Mvua ingewanyeshea, sawa. Watu wangenung'unika, sawa. Kwani maiti ana haraka ya kwenda wapi? Mara moja alimpigia binti simu. Iliita, ikaita, ikakatika. Hakupiga ya pili, maana naye kichwa kigumu, akajiambia yeye sehemu yake ameshaifanya.

Katika mji ule kulikuwa na maktaba ndogo ya kanisa, ina vitabu vya zamani na kompyuta moja. Karani alikwenda pale kila asubuhi kujitolea, anaingiza orodha ya vitabu kwenye kompyuta, saa sita anarudi nyumbani kwake kusonga ugali wake mkubwa. Na Nakundwa alikuwa anakuja pale Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa, akitoka darasani, kuchapa mitihani ya wanafunzi wake. Kiti kile kile. Baba anakikalia asubuhi, mtoto anakikalia alasiri. Siku nyingine mzee alikuta vumbi la chaki kwenye vibonye vya kompyuta. Hakulifuta. Alichapa orodha yake ya vitabu juu ya chaki ile ile, mpaka vidole vyake vikawa vyeupe.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya watu wanne, na kila mmoja aliingia kwa jina lake na neno lake la siri. Aliyeipanga hivyo ni mama mmoja fundi, mtu mzima, anapanda kutoka Same kila baada ya miezi michache na begi lake la nyaya. Siku alipomfundisha karani, mzee alifurahi mpaka akavua miwani.

"Sikiliza, mzee wangu," mama fundi alimwambia. "Kila faili humu ndani lina ruhusa zake. Kuna ruhusa ya kusoma. Kuna ruhusa ya kuandika. Na kama faili ni programu, kuna ruhusa ya kuiendesha. Na watu nao wako mafungu matatu: mwenyewe, kikundi, na wengine wote. Kila fungu unalipa ruhusa yake."

"Kumbe ni masjala!" karani akasema. "Masjala tupu! Na wewe je, uko fungu gani?"

"Mimi ni msimamizi. Naweza kufungua lolote."

"Hata la mtu?"

"Uwezo ninao, mzee wangu. Lakini uwezo kitu kingine, ruhusa kitu kingine. Faili la mtu siligusi mpaka aniambie mwenyewe."

Karani alimpenda mama yule kuanzia siku hiyo. Alisema angekuwa masjala angefika mbali.

Na hapo ndipo wazo likamjia. Barua! Simu haipokelewi, uso kwa uso mdomo wake haufunguki, lakini kuandika anajua. Ya karatasi hakuitaka, maana ya karatasi lazima ipite mkononi mwa mtu, na katika mji ule barua ikipita mikono miwili imeshasomwa sokoni. Lakini kompyuta wanayokalia wote wawili, kila mtu kwa zamu yake! Aliandika asubuhi tisa. Asubuhi tisa kwa ukurasa mmoja, anaandika, anafuta, anaandika. Mwisho yalibaki maneno machache. Kwamba alikosea. Kwamba ilikuwa juu yake kusubiri, na hakusubiri, si kwa sababu ya mvua wala ya watu, bali kwa sababu aliogopa. Aliogopa kwamba akiendelea kukaa pale na jeneza limefunguliwa, ataanza kulia mbele za watu na hataweza kunyamaza. Akaitafuta ratiba akajificha ndani yake. Nisamehe, mwanangu. Ukitaka kunijibu, andika hapa hapa chini.

Faili akalipa jina: NAKUNDWA. Akaliweka kwenye folda ya pamoja, ile ambayo kila aingiaye anaona majina ya mafaili yaliyomo. Kompyuta ikamwuliza: Nani aruhusiwe kulifungua? Ikampa pa kuchagua. Mwenyewe tu. Kikundi. Wote.

Karani akatabasamu, na tangu msiba alikuwa hajatabasamu. Wote? Mitume na manabii! Hii si ya wote. Kikundi? Kikundi gani? Akachagua bila kusita, kama alivyoandika kwa wino mwekundu miaka thelathini na minne. Mwenyewe tu. Kusoma, ndiyo. Kuandika, ndiyo, ili aweze kujibu. Akafunga, akaenda zake.

Huo ulikuwa mwezi wa tano.

Kesho yake asubuhi alifika kabla mlango wa maktaba haujafunguliwa. Akalifungua faili, likafunguka. Maneno yake yapo. Chini yake hakuna kitu. Akasema, mapema mno, jana ilikuwa Jumanne. Akangoja. Alhamisi akafungua. Hakuna kitu. Wiki ikaisha. Mwezi ukaisha. Kila asubuhi alilifungua, na kila asubuhi lilifunguka bila tabu yoyote, na kila asubuhi alikuta maneno yake mwenyewe yanamtazama, na chini yake peupe. Chaki kwenye vibonye ilikuwepo. Kwa hiyo anakuja. Anakaa hapa. Jina lake analiona, haiwezekani asilione, herufi kubwa vile. Amesoma, akanyamaza.

Mmewahi kuomba msamaha mkajibiwa kimya? Afadhali matusi. Matusi unajua umesikika. Mzee alikonda. Akaanza kusahau kuzima jiko. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane, ulipotimia mwaka tangu mazishi, alikwenda kaburini alfajiri peke yake, akang'oa majani, akarudi nyumbani, akajifungia. Maktaba hakwenda. Aliogopa kuifungua kompyuta siku ile akute peupe. Alisonga ugali, akautazama, akaufunika. Na redio ilipomwuliza habari za jioni, hakujibu.

Mwezi wa tisa mama fundi akapanda na begi lake la nyaya. Akamkuta karani amekaa kitini, koti amelifunga mpaka kooni.

"Mama, nifundishe kufuta faili," karani akasema. "Kulifuta kabisa, lisionekane tena."

"Lipi, mzee wangu?"

Akamwonyesha kwa kidole. Mama fundi akalisoma lile jina.

"Si la mwalimu hili? Kwa nini ulifute?"

"Kwa sababu amelisoma miezi minne na hakunijibu hata neno moja. Mtoto niliyemzaa! Maji yakimwagika hayazoleki, basi, nimekubali. Lakini sitakaa hapa kila asubuhi nikijisoma mwenyewe kama mwendawazimu. Futa."

Mama fundi alikuwa amenyoosha mkono tayari, akaurudisha. "Umejuaje kwamba amelisoma?"

"Atakosaje? Anakaa hapa hapa!"

"Ngoja. Kompyuta hii niliipa daftari lake. Kila mtu akijaribu kufungua faili, yenyewe inaandika nani, lini, na kama imempa au imemnyima. Huwa siliangalii mpaka kuwe na jambo." Akabonyeza, akabonyeza tena. Orodha ikaja.  Kisha akaanza kuisoma, polepole. "Nakundwa, Jumatano, saa tisa na dakika kumi. Amenyimwa. Nakundwa, Ijumaa, saa tisa na dakika sita. Amenyimwa. Nakundwa, Jumatatu..."

"Amenyimwa nini?"

"Kufungua, mzee wangu. Amebisha, akanyimwa. Amebisha... subiri nihesabu." Alihesabu kwa kidole juu ya kioo. "Mara thelathini na moja. Na hapa, siku hii moja, amebisha mara sita mfululizo. Tarehe kumi na nne mwezi wa nane. Sijui ilikuwa siku gani."

Karani alijua ilikuwa siku gani.

"Baada ya hiyo?" akauliza.

"Baada ya hiyo hakuna. Hajabisha tena."

"Lakini nani amemnyima?" Mzee alikuwa amesimama sasa. "Nani ameingilia barua yangu? Mimi niliandika mwenyewe tu! Mwenyewe! Nakundwa mwenyewe! Jina lake si hilo hapo juu?"

Mama fundi alimshika mkono akamkalisha. "Baba yangu," akasema, "kompyuta haisomi jina lililo juu. Yenyewe inajua mtu mmoja tu, aliyeliandika faili. Ukiiambia mwenyewe tu, mwenyewe ni wewe."

Wapendwa, mnaelewa? Miezi minne. Aliyemnyima binti yake alikuwa ni yeye, kwa mkono wake, kwa neno lake alilolipenda kuliko yote. Na angejuaje? Kwake lilifunguka kila siku!

 Mama fundi akamwuliza mzee taratibu, "Nikubadilishie? Ni kubonyeza mara moja tu. Akija tena atalisoma."

"Hatakuja tena," karani akasema. "Mtu akishabisha mara thelathini na moja, inatosha. Sasa ni mimi."

Akatoka. Hakusubiri saa sita. Alipanda kilima kile cha shule katikati ya asubuhi, koti limefungwa mpaka kooni, akafika anahema, akamkuta Nakundwa nje ya ofisi ya walimu na lundo la madaftari mikononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Na hapo palipokuwa pakiishia kila siku, pakataka kuishia tena. Akalazimisha. "Mama, nilikuandikia."

"Niliona," Nakundwa akasema. Hakuyaweka madaftari chini. "Uliandika jina langu juu, ukanifungia ndani. Nilikuwa najiuliza, baba ananitafutia nini? Siku ile nilifika kaburini nikakuta jina la mama limeshaandikwa msalabani, na yeye ndani ameshafunikwa. Sasa ukaniletea na jina langu, nalo hivyo hivyo. Siku ile ya kumbukumbu nilisema labda leo. Labda leo atanifungulia. Nikabonyeza mpaka nikaona aibu."

Mzee angeweza kueleza. Maelezo alikuwa nayo, tena ya kweli, yana ushahidi wa daftari na shahidi mama fundi. Angesema, mwanangu, ni kompyuta, ni neno tu nililielewa vibaya, ni mazoea ya masjala. Asingekuwa amedanganya hata kidogo. Lakini alipomtazama mtoto wake, aliona kwamba akianza na kompyuta ataishia kwenye kompyuta. Akaiacha.

"Ilikuwa nikusubiri," akasema. "Siku ile. Ilikuwa nikusubiri na sikukusubiri. Nilikosa."

Nakundwa alimtazama.

"Sema tena," akasema.

"Ilikuwa nikusubiri, mwanangu. Nilikosa."

Madaftari yakaanguka yote. Na mzee, aliyeogopa kulia mbele za watu mpaka akamzika mkewe kwa saa ya mkononi, alilia pale mbele ya ofisi ya walimu, kidato cha pili A chote kikiwa dirishani.

Mtaniuliza, walipatana? Mnapenda sana kuuliza hivyo, mkisikia "ndiyo" mnasahau mfano mnakumbuka chakula. Sijui kama alimsamehe siku ile. Mwaka mzima haukunjwi mara moja kama turubai. Najua kwamba aliongozana naye mpaka nyumbani, akaifunua ile sufuria, akasema, "Baba, unga wote huu ni wa nani?"

Sasa tugeuke sisi. Msiangalie dari, ninasema nanyi.

Tunao watu ambao majina yao tunayabeba. Kaka uliyekosana naye juu ya mpaka wa shamba. Mama mkwe. Mtoto aliyeolewa pasipo baraka yako. Tunawataja kwenye maombi, tena kwa sauti. Tunasema, "Mimi sina kinyongo na mtu, mlango wangu uko wazi." Nani amekwambia uko wazi? Umejuaje? Kwa sababu wewe ukiusukuma unafunguka? Mlango wako lazima ukufungukie wewe! Nenda ukasimame upande ambao wenzio wanabishia, ndipo uje unieleze kama uko wazi. Wengi wetu tuna msamaha ndani, tumeuandika vizuri, tumeulilia, na kila asubuhi tunausoma wenyewe. Aliyeandikiwa hajawahi kuusikia.

Kisha tunalalamika, "Wamenitupa, hakuna anayenijali." Ndugu yangu, karani alichagua mwenyewe tu, na akapewa sawasawa na alivyochagua. Akabaki mwenyewe tu. Na huko nje mtu alikuwa anabisha kwa vidole vyenye chaki.

Hata Mungu, mwenye uwezo wa kufungua kila kilichofungwa, kwako amesimama na anangoja ruhusa. Sasa ikiwa Yeye hajaona aibu kubisha, wewe ni nani hata uone aibu kwenda kwa kaka yako?

Hamjapungukiwa maneno, mmepungukiwa miguu. Ibada ikiisha mimi nitasimama pale mlangoni kama kawaida. Wewe ambaye tangu nianze kusema kuna sura moja inakujia, usipange foleni kunishika mkono. Ndizi za mnada wa sadaka watanunua wengine. Pitia mlango wa pembeni uende, na ukifika usianze na maelezo, hata kama ni ya kweli. Anza na kosa. Na amina zenu leo sizitaki sasa hivi, mtaniletea mkirudi.